Kupakaa rangi nyumba Kolwezi: ukuta kwanza, rangi nyuma

Mvua ikikatika, kati ya mwezi wa tano na wa sita, ngazi zinaanza kusimama kwenye kuta za Kolwezi. Dilala, Manika, Musonoi, Luilu, kila mahali utaona fundi na rulo yake, ndoo ya rangi nyeupe, na watoto wamezunguka wanaangalia. Fika tena mwezi wa kumi na mbili, nyuma ya mvua za kwanza: sehemu kubwa ya ile kazi imekwisha haribika. Rangi inavimba kama ngozi iliyoungua, inapasuka, inaanguka. Mwenye lupango anasema, "Rangi ya siku hizi ni bandia." Mara moja moja anasema kweli. Lakini mara nyingi rangi haina kosa. Walipakaa juu ya ukuta wenye maji ndani, au wenye vumbi juu, au wenye chokaa ya zamani ambayo hakuna aliyeipima.

Maelezo haya ni kwa mwenye kutaka kupakaa nyumba mwaka huu, na pia kwa mwenye kulipa fundi, maana asiyejua kazi hawezi kuikagua. Kuna pia jambo la afya, kukwangua rangi ya zamani, ambalo tumelipa nafasi kubwa kwa sababu wenye kuumia ni watoto.

Ukuta wako ni wa aina gani?

Kolwezi ilianza mwaka 1937 kama makao ya Union Minière kwa migodi ya upande wa magharibi, ndiyo sababu kuta za mji huu hazina umri mmoja. Katika nyumba za zamani za kambi, ukikwangua kidogo karibu na mlango unaweza kuhesabu miaka: chini kabisa chokaa, juu yake rangi ya maji, halafu rangi ya mafuta, halafu tena rangi ya maji. Wakati ule kampuni ndiyo iliangalia nyumba. Leo kila familia inaangalia yake, na kila mmoja alipakaa alichoweza kununua. Tabaka hizo hazishikani zote. Rangi mpya ikiwekwa juu ya chokaa iliyolegea, inashika chokaa, siyo ukuta. Chokaa ikianguka, inaanguka nayo.

Kuna majaribio matatu, na hayalipishi hata franka moja kubwa. Pitisha kiganja kikavu kwenye ukuta: kikirudi cheupe, juu kuna unga, na unga haushiki rangi. Chora msalaba kwa kisu juu ya rangi ya zamani, bandika skochi, kandamiza, kisha ivute kwa nguvu: ikija na vipande, tabaka hiyo lazima itoke. La tatu, lowanisha kitambaa na alkoli ya farmasi, sugua mahali padogo: rangi ya maji inalainika na kupakaa kitambaa, rangi ya mafuta inabaki vilevile. Jaribio hili ni la lazima, kwa sababu rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta yenye kung'aa haikai kama hujaisugua kwanza kwa papiye-vere mpaka ule mng'ao uishe.

Nyumba mpya ina shida nyingine: haraka. Krepi ya simenti inaomba siku 28 kabla ya rangi. Siyo tu kwa sababu ya maji. Simenti changa ina ukali unaokula rangi ya mafuta na kuigeuza kama sabuni. Utaona inabaki laini, inanata, inatoka vipande. Kama sherehe ya kuhamia imekaribia na huwezi kungoja, pakaa chokaa au acha krepi yenyewe, rangi utaweka mwaka ujao. Ni aibu ndogo kuliko kulipa mara mbili.

Nyumba ya matofali mabichi, au ya udongo wa kichuguu, hiyo inahitaji kupumua. Inameza maji wakati wa mvua na kuyatoa wakati wa jua. Ukiifunga na rangi ya mafuta, au na krepi nzito ya simenti, maji yanabaki ndani na udongo unakuwa laini nyuma ya ganda zuri, mpaka siku ganda linaanguka zima. Kwa ukuta wa namna hiyo, chokaa au udongo mweupe ambao mama zetu wa vijijini wanapakaa tangu zamani ni dawa bora kuliko ndoo ya bei kali. Si kazi ya maskini, ni kazi inayofaa ukuta ule.

Maji ndiyo adui

Angalia sehemu ya chini ya nyumba yoyote hapa mjini, ile sentimeta 50 au 60 za kwanza. Ni nyekundu. Mvua inapiga udongo, udongo unaruka ukutani. Wakati huohuo maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali, kwa sababu nyumba nyingi hazikuwekewa plastiki wala kizuizi kingine juu ya msingi. Maji yakifika juu yanakauka na kuacha chumvi nyeupe kama unga wa muhogo. Watu wanapangusa ile chumvi na kupakaa juu. Inarudi, bila shaka, maana kinachoileta bado kiko chini.

Kabla ya kununua rangi, zunguka nyumba. Manjanja yanatokeza vya kutosha mbele ya ukuta, au maji ya paa yanamwagika kwenye msingi? Kuna mfereji? Udongo wa lupango umepanda kufikia krepi? Bomba la maji linavuja nyuma ya jiko? Kuchimba mfereji mdogo unaopeleka maji mbali na ukuta kunaomba jembe na siku moja, na kunaokoa rangi kuliko tabaka ya tatu.

Ili kujua kama ukuta umekauka, chukua kipande cha plastiki cha nusu meta kila upande, kibandike pande zote nne na skochi, ukiache mpaka kesho yake saa ileile. Ukikuta matone upande wa ndani, au ukuta umekuwa mweusi pale chini ya plastiki, ngoja. Hakuna rangi ya kuzuia hiyo, hata kama muuzaji anaapa.

Ile tabia ya kupakaa chini ya nyumba rangi nzito, kahawia au kijivu, ina akili: tope halionekani, na sehemu hiyo unaweza kuirudia kila mwaka bila kugusa ukuta mzima. Tunaona siku hizi nyumba nyeupe tangu chini hadi juu, kama zile za kwenye picha. Ni nzuri mpaka mwezi wa kumi.

Kukwangua: hapa ndipo hatari iko

Rangi za mafuta za zamani ziliweza kuwa na madini ya risasi, plomb kwa Kifaransa. Hatari yake inajulikana tangu zamani sana: mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, kwa ajili ya kuwalinda wapakaji. Lakini risasi haikuisha. Inaweza kuwa hata leo ndani ya rangi za mafuta zenye rangi kali, njano, nyekundu, machungwa, na ndani ya ile rangi ya machungwa ya kuzuia kutu iitwayo minium. Umoja wa Mataifa unashauri inchi zote ziweke mpaka wa sehemu 90 kwa milioni. Ukinunua, soma kopo: tafuta maandishi "sans plomb". Yasipokuwapo, kwa chumba cha mtoto chukua rangi ya maji yenye rangi hafifu.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi ndani ya damu ambacho kimejulikana kuwa salama. Kwa mtoto inagusa ubongo: kusoma kunakuwa kugumu, umakini unapungua. Mtoto hanywi rangi. Anatambaa chini, anashika vumbi, anaweka vidole mdomoni. Vipande vya rangi ya risasi vina utamu kidogo, na hiyo inazidisha ubaya.

Kolwezi ina sababu ya pili ya kuogopa vumbi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika mtaa wa Kasulo, ambako tangu 2014 watu walikuwa wakichimba kobalti kati ya nyumba na hata ndani ya nyumba. Vumbi la nyumbani lilikuwa limebeba kobalti na metali nyingine. Mkojo wa wakaaji ulikuwa na kobalti nyingi kuliko ule wa watu wasiokaa karibu na uchimbaji, na watoto walikuwa nayo zaidi ya wakubwa. Kwa hiyo kile kinacholala juu ya dirisha lako na juu ya ukuta si udongo mtupu.

Basi usikwangue kavu. Usipitishe mashine ya kusugua wala usichome rangi ya zamani kwa moto. Moto unageuza risasi kuwa moshi, na moshi unaingia moja kwa moja ndani ya mapafu. Toa watoto na mama mwenye mimba, siyo kuwapeleka chumba cha pili, bali nje ya nyumba kabisa mpaka usafi uishe. Toa vyombo, chakula, magodoro. Tandika plastiki chini. Lowanisha ukuta na maji ya sabuni, kwangua wakati bado umelowa, lowanisha tena. Fundi afunike pua na mdomo. Kitambaa cha kawaida kinazuia kidogo tu, maski ya kweli ya vumbi ni bora. Kunja plastiki pamoja na vipande, funga, usitupe bustanini wala karibu na kisima. Sakafu ioshwe kwa kitambaa cha maji mara mbili, isifagiliwe. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Na kama rangi ya zamani imeshika vizuri, haipasuki, haina unga? Iache. Ioshe, isugue kidogo ikiwa imelowa, pakaa juu. Rangi ya risasi iliyofunikwa chini ya rangi nzima haimdhuru mtu. Inayodhuru ni ile inayogeuka vumbi.

Mwezi gani, saa ngapi

Mwezi wa tano ukuta bado una maji ya mvua. Tangu mwisho wake mpaka mwezi wa nane ndio wakati mzuri wa kupakaa nje. Mwezi wa tisa na wa kumi joto linapanda, upepo unaleta vumbi, na mvua inaweza kuja jioni moja bila kupiga hodi.

Lakini kiangazi cha hapa kina baridi. Kolwezi iko zaidi ya meta 1,400 juu ya bahari, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba zinauma. Rangi ya maji haipendi ukuta wa chini ya digrii 10. Haishikani vizuri, na baadaye inakuwa unga. Anza wakati umande umekauka, karibu saa tatu asubuhi, acha saa tisa au saa kumi ili rangi ikauke kabla ya baridi kurudi. Fuata kivuli: asubuhi ukuta wa magharibi, mchana ule wa mashariki. Rangi ikipigwa na jua kali inakauka juu mbio na kuacha mistari ya rulo. Kwa nyumba za kando ya barabara kubwa, ambako magari ya migodi yanapita, mwagia maji udongo wa mbele kabla ya kuanza. La sivyo unapakaa vumbi na rangi pamoja.

Msikilizaji wa Bukavu au Goma ana kiangazi kifupi kuliko chetu, kwa hiyo afanye nje kati ya mwezi wa sita na wa nane, ndani wakati wowote ukuta ukiwa mkavu. Kwa nyumba za mbao za Goma, ubao ukauke kwanza, na ncha zake zilizokatwa zipakwe pia. Maji yanaingilia hapo.

Rangi ya kiasi gani?

Chukua chumba cha meta 4 kwa 3, kimo meta 2.80. Mzunguko ni meta 14, mara 2.80 inakuwa karibu meta za mraba 39. Toa mlango na dirisha, inabaki 36. Lita moja ya rangi nzuri ya maji inafunika meta za mraba 8 hadi 12 kwenye ukuta laini. Krepi ya kukwaruza inameza zaidi, basi hesabu 8, au hata 6. Kwa tabaka mbili ni meta 72, gawa kwa 8: lita 9. Fundi akikuomba ndoo mbili za lita 20 kwa chumba hicho, muulize anapakaa nini kingine.

Sokoni kuna rangi iliyoongezwa maji. Jicho haliioni, mizani inaiona. Rangi ya maji nyeupe iliyo nzuri ni nzito kuliko maji: ndoo ya lita 20 ina karibu kilo 26 hadi 30. Ikiwa na kilo 21, umelipa maji. Angalia pia kama kifuniko kimekwisha funguliwa, na ununue ndoo zote za ukuta mmoja siku moja, zenye namba ileile ya kutengenezwa, kwa sababu nyeupe mbili hazifanani.

Chokaa inagharimu kidogo zaidi, na Katanga ya zamani haikosi mawe yake. Yako Kakontwe karibu na Likasi, yako Lubudi ambako simenti inatengenezwa. Ukipata ile ya mabonge, weka chokaa ndani ya maji, siyo maji juu ya chokaa, na simama mbali: inachemka yenyewe na kuruka. Ile ya unga changanya na maji, ilale usiku mmoja. Iwe nyepesi kama maziwa, na chumvi kidogo. Lowanisha ukuta kabla, pakaa kwa brosi tabaka tatu au nne nyembamba, usiogope ukiona haionekani; inakuwa nyeupe ikikauka. Ikiingia jichoni osha na maji mengi dakika 15 au zaidi, halafu hospitali. Na usichanganyie ndani ya pipa lililotoka kiwandani na dawa za madini, hata kama limeoshwa mara kumi.

Kazi yenyewe

Anza na plafo, kisha kuta, mwisho milango na madirisha. Ziba nyufa na mastiki, acha ikauke, sugua, pangusa na kitambaa chenye maji. Tabaka ya kwanza iongezwe maji kidogo ili iingie ukutani, kadiri kopo linavyosema. Ya pili nzito zaidi. Tabaka mbili nyembamba zinashinda moja nene, kila mara.

Jikoni, pale mbabula inapowaka, moshi umeingia ukutani. Rangi ya maji juu ya masizi inatoa madoa ya njano kesho yake, na tabaka ya pili haiyafuti. Osha na maji ya moto na sabuni kali, suuza, acha ikauke, weka tabaka ya rangi ya mafuta isiyong'aa, kisha rangi yako. Sehemu ya chini ya korido na jikoni, mpaka meta 1.20, rangi ya mafuta inafaa kwa sababu inaoshwa. Lakini chumba kizima cha kulala kwa mafuta, hapana, kuta zitatoka jasho asubuhi. Ndani chagua rangi hafifu. Umeme ukikatika, taa ndogo moja inatosha kuliko kwenye chumba cha bluu nzito.

Manjanja mapya hayapendi rangi ya mafuta moja kwa moja; zinki inaitupa. Yaache yazeeke mwaka mmoja, au tafuta tabaka ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki. Yenye kutu, sugua kwa brosi ya chuma, na hapo pia funika pua.

Wengine wanalegeza rangi ya mafuta na esansi kwa sababu diluanti ni ghali. Mvuke wa esansi unatembea chini, unafika kwenye mbabula ya jirani, na nyumba inawaka. Fungua madirisha yote, zima kila moto, na vitambaa vyenye mafuta visirundikwe kwenye kona. Viache vikauke nje, vimetandazwa.

Kuhusu feza ya fundi: andikeni karatasi, hata ya daftari ya mtoto. Kuta ngapi, tabaka ngapi, nani ananunua rangi, nani anakwangua na kuosha. Kukwangua na kuosha kuhesabiwe kama kazi yenye bei yake, kwa maana fundi asiyelipwa kwa hiyo ataipita mbio. Toa sehemu mwanzoni, sehemu ukuta ukiisha tayarishwa na wewe umeupitisha kiganja, na ya mwisho nyuma ya siku mbili tatu, ukiangalia mchana na jua likipiga kwa ubavu. Makopo matupu yabaki kwako mpaka hapo. Rangi iliyobaki funga sana, andika juu chumba na mwaka, iweke mbali na jua na mbali na watoto. Kopo tupu lisigeuzwe chombo cha maji ya kunywa.